Zipu ni ya Tajiri, Hasara ni ya Cucu

Wasee wa Nyeri, leo sizunguki mbuyu.

Ingia supamaketi hapa mjini. Njugu, matunda makavu, zote ziko kwa pakiti ya plastiki yenye zipu. Unafungua, unakula, unafunga, kesho bado ni fresh.

Sasa shuka soko la Karatina. Cucu ameamka saa kumi alfajiri akitoa minji maganda. Akizitia kwa karatasi ya plastiki ndio zisikauke, amevunja sheria. Tangu Agosti 28, 2017, faini ni milioni 2 hadi 4, ama jela mwaka 1 hadi 4. Na kiwanda? Plastiki ya kufungia bidhaa pale kiwandani iliruhusiwa.

Kabla mnirukie: sitaki karatasi zirudi. Zilikuwa zimeziba mitaro na kujaa matumboni mwa ng'ombe. Shida yangu ni kwamba cucu alinyang'anywa bila kupewa kitu kingine. Ile mifuko ya kitambaa inabeba tu, haihifadhi. Minji zikishinda wazi, jioni zimenyauka na bei imeanguka. Hiyo hasara analipa nani?

Kaunti inachukua ushuru wa soko kila siku. Basi itoe humo pesa ya vyombo vya mfuniko, vya kuoshwa na kutumika tena.

Na wewe unayeshangilia mazingira, beba kopo lako kutoka nyumbani, akupimie humo. Mfuniko unafunga kuliko zipu. Ukienda mikono mitupu, usimlaumu cucu.