Asiyepogolea Asipewe Salfa

Mpwa wangu anaishi Toronto, Kanada. Kila Oktoba ikikaribia kwisha hunitumia picha za jirani yake, mzee wa Kiitaliano, akiuzika mti wake akiwa na akili timamu kabisa. Mti wenyewe ni mtini, ndugu wa mikuyu yetu ya mabondeni, uliozoea jua la Mediterania. Mzee hukata mizizi ya upande mmoja, huuinamisha mti upande wa pili mpaka ulale handakini, halafu huufunika kwa mbao, majani makavu na udongo. Mtini uliokwisha kupukutisha majani huvumilia baridi ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Kule baridi huvuka hapo, na matawi yaliyoachwa wazi hufa. Aprili anaufukua, na mwisho wa kiangazi chao anakula tini.

Nilimwonyesha picha hizo kijana mmoja jirani yangu hapa Narung'ombe, wilayani Ruangwa. "Mwalimu, hawa watu wana kazi!" akacheka. Nikamwambia wanayo, ila wanaimaliza kabla baridi haijafika. Sisi tunangoja kipupwe kituingilie ndipo tukaulize ofisini kama salfa ya kupulizia mikorosho imeshushwa.

Kipupwe cha Lindi hakiui mti, na hapo ndipo tunapojidanganya. Mtini wa Toronto hulala baridi ikija. Mkorosho wetu huamka. Mvua zikikatika Mei unatoa majani mapya mekundu mekundu, Juni na Julai unaingia kwenye maua, na ndiyo miezi ya usiku wa baridi na umande mzito wa asubuhi. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, hautaki mvua. Unataka ubaridi, unyevu wa hewani, kivuli, na kitu kichanga cha kula. Sisi tunauandalia vyote.

Anayetaka kuuona aende shambani Julai kabla jua halijapanda. Avute tawi la chini, ashike shada la maua. Shada zima lina maua meupe yenye michirizi ya waridi, na harufu yake tamu unaisikia kabla hujalifikia. Lililoshikwa limevaa unga wa kijivu, ukiusugua kwa kidole gumba unabaki kidoleni. Baada ya muda shada linakuwa la kahawia, linakauka, linapukutika. Likinusurika kidogo, bibo hutoka na ngozi yenye magamba na mipasuko, hata mwenye kupika pombe ya uraka hulitazama mara mbili.

Wenye umri wangu tunakumbuka ubwiriunga ulikotufikisha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Si ugonjwa peke yake uliofanya hivyo: Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, na bei haikumpa mtu sababu ya kurudi kupalilia. Ubwiriunga, ulioonekana nchini mwaka 1979, ulikuta mashamba yamegeuka pori, matawi yameshikana, chini giza. Salfa ilituokoa, sikatai. Vumbi lile la njano liliwarudisha watu mashambani.

Lakini salfa ni kinga. Ua lililokwisha kuungua hailiponyi. Hupulizwa mapema maua yanapoanza, asubuhi upepo umetulia, ikarudiwa kila baada ya majuma mawili hivi, na mpulizaji amejifunga uso maana vumbi lake linawasha macho mpaka machozi. Tena halipotei: linalomwagwa mwaka hadi mwaka huongeza tindikali kwenye udongo, na udongo wetu mwingi ni wa kichanga, hauna nguvu ya kuihimili. Nachingwea tunajua hasara ya kutegemea mashine kuliko kusoma ardhi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, na kufikia 1951 ulikuwa umekwisha.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wamelisema miaka mingi jambo ambalo mikutanoni tunalipita haraka ili tufike kwenye bei ya mnada. Maua yakiisha, ubwiriunga hauondoki shambani. Unahamia kwenye maotea, yale machipukizi mororo yanayochomoza ndani ya mti kwenye kivuli, unangoja humo hadi msimu mpya. Ukiyakata yote kabla ya majani mapya, na ukapunguza matawi hewa ipite, ugonjwa unachelewa na maua mengi yanawahi kushika korosho. Kazi yake inataka panga, msumeno na nguvu. Haina gunia wala risiti, labda ndiyo maana hatuiheshimu.

Taabu ni kwamba mbegu za ukungu huu husafiri kwa upepo. Nikisafisha shamba langu na la jirani likabaki pori, nimepunguza kidogo sana. Na hapa nitasema wazi: mashamba mabaya kuliko yote si ya maskini. Ni ya wenzetu walioko Dar es Salaam, waliorithi mikorosho na kuja Oktoba na magunia. Majina yao yamo kwenye daftari, mgao wa salfa ya ruzuku wanaupata, na msimamizi waliyemwachia huugawa au huuuza. Maotea yao hayajaguswa.

Nitaambiwa wazee hawana nguvu za kupogolea na vibarua ni ghali. Ni kweli. Basi vijana wa kitongoji wafanye kwa zamu, wazee waanziwe, na gharama ikatwe kwenye malipo ya korosho kupitia chama cha msingi, kama makato mengine tunayokatwa bila kuulizwa. Asiye na nguvu asaidiwe. Mwenye nguvu na fedha aliyeliacha shamba lake likawa kitalu cha ugonjwa asipewe hata mfuko mmoja, mpaka bwana shamba athibitishe kwamba amesafisha.

Uwezo upo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tunazitumia kwa mbuzi wanaozurura. Tuzitumie kwa mikorosho inayolisha nyumba nyingi za Ruangwa na Nachingwea. Wenyeviti wa vijiji, mkutano mkuu wa kwanza mwakani wekeni ajenda hii juu ya ile ya bei: tarehe moja ya kukata maotea kijiji kizima, isivuke mwisho wa Aprili, na orodha ya mashamba yasiyoguswa ibandikwe ukutani ofisini kabla gari la salfa halijafika.