Msinisifie Jellico

Nimechoka kusikia Jellico akisifiwa. Kila tukionyesha zile sehemu mbili pale ukumbini lazima atokee mtu, mara nyingi ni mtu wa ofisi, aseme: "Lakini si kazi ilifanyika?" Na vijana wetu wanatikisa kichwa kukubali. Basi leo naandika, maana pale ukumbini sola huzima kabla sijamaliza kubishana.

Kwa ambaye hajaona: ni Star Trek: The Next Generation, msimu wa sita, sehemu mbili zilizotoka Desemba 1992 kwa jina la Chain of Command. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nahodha Picard anaondolewa kwenye chombo chake, Enterprise, anatumwa kwa siri upande wa adui. Nafasi yake anapewa Edward Jellico. Analetwa kwa sababu anawajua Wacardassia, na vita inanukia mpakani.

Hajapoa hata kiti, amri zinamiminika. Chombo kina zamu tatu, yeye anataka nne. Riker, msaidizi wake, anazungumza na wakuu wa idara, wanamwambia itavuruga watu, basi anaacha mambo yalivyo. Jellico akikuta haijafanyika anawaka. Kule kwenye injini La Forge ananyang'anywa theluthi ya watu wake wapelekwe ulinzi, na papo hapo kazi yake inaongezwa. Anapolalamika, Data, ambaye ni mashine yenye umbo la mtu, anasema inawezekana ikiwa watu watafanya kazi usiku na mchana. Inawezekana! Hilo neno nalijua, nimelisikia kwenye vikao vingi.

Piga hesabu ya zamu mwenyewe. Kwenye karatasi, saa 24 ukizigawa mara nne kila mtu anapata saa sita badala ya nane. Inaonekana kama zawadi. Lakini watu ni wale wale, sasa unawakata mafungu manne, kila fungu litake kiongozi wake na fundi wake. Anayejua kama watatosha ni yule anayepanga majina. Huyo hakuulizwa. Na hao wa zamu ya usiku kwenye filamu hatuwaoni hata sura, tunaona wakubwa tu wakigombana.

Sasa, wanaomsifu si wajinga. Jellico ndiye aliyegundua kwamba Wacardassia wamejificha ndani ya wingu kubwa la gesi wakisubiri kuvamia. Akawatega kwa mabomu wakiwa humo humo, wakanasa, akawalazimisha waache silaha waende zao, na Picard akarudishwa. Vita haikutokea. Alimjua adui vizuri sana, hilo nampa. Ila ukisema huo ndio uongozi wote, hapo tunaachana.

Riker naye simtetei kwa kila kitu. Alipoona zamu nne hazifai angerudi kwa mkubwa wake amwambie ana kwa ana. Yeye alikaa kimya mpaka akaulizwa. Hii inaniuma kwa sababu nimeifanya.

Ofisi moja, siitaji, ilituletea meneja mpya wa shughuli za vijana. Mtu mzuri, anasalimia kila mtu. Wiki ya kwanza akahamisha darasa la wasichana walioacha shule, kutoka asubuhi likawa saa tisa alasiri, ili ratiba yake ifanane na ya vituo vingine. Saa tisa upande wetu ndiyo foleni ya maji. Hata mtoto wa miaka mitano anajua. Sisi wa insentivu tulijua. Tulifanyaje? Tulisema "sawa bosi", tukaenda nyuma ya ukumbi tukamcheka, na kwenye mahudhurio tukaendelea kujaza majina ya zamani. Tulipokuja kushtuka, darasani walibaki wasichana wanne. Yeye alikuwa anaona karatasi zimejaa, anafurahi. Tulidhani tunamkomoa. Jamani, tulimkomoa nani?

Lakini kabla hamjatuuliza kwa nini hatukusema, mtazameni Troi. Yeye ndiye mshauri wa chombo, kazi yake ni kujua watu wanaendeleaje. Anamwendea Jellico kwa adabu, anamwambia watu wanapata shida kuzoea. Anajibiwa kwamba hakuna muda wa kubembelezana. Halafu anaambiwa avae sare kama wengine. Mtu amekuletea habari za watu wako, wewe unamjibu habari za nguo yake! Kesho nani ataingia tena mlango huo? Na Troi angalau ana cheo. Sisi barua ya kuendelea na kazi inasainiwa na huyo huyo tunayetakiwa kumwambia amekosea.

Kuna pahali pengine ambapo ukumbi wetu huwa kimya kabisa. Picard amekamatwa, anateswa. Wacardassia wanasema: kama alitumwa na wakubwa wake, atalindwa na mkataba kama mfungwa wa vita. Kama hakutumwa, shauri yake. Riker anamtaka Jellico akubali kwamba mtu huyu tulimtuma sisi. Jellico anakataa, akikubali atampa adui nguvu mezani. Riker anashikilia, wanazozana, na mwisho anavuliwa madaraka, Data anakalia nafasi yake.

Labda kijeshi Jellico alikuwa na sababu, sitaki kubishana na watu wa vita. Ila sisi tunaokaa hapa tunajua mtu anageuka kuwa nini siku ambayo hakuna anayesema "huyu ni wetu". Tumesimama kwenye madirisha hayo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Riker alileta hisia kazini, namwomba anitajie pengine pa kuzipeleka.

Halafu ndiyo linakuja lile wanalolipita haraka. Mabomu lazima yategwe na mtu anayeendesha chombo kidogo ndani ya lile wingu, na rubani bora aliyepo ni Riker, yule yule aliyefukuzwa. Jellico anaenda mwenyewe chumbani kwake. Wanaweka vyeo pembeni, wanaambiana ukweli, na ni ukweli mchungu kweli kweli, hawapendani hata kidogo. Riker anamwambia, basi niombe. Jellico anaomba. Riker anakubali hapo hapo.

Mazungumzo yale ni mafupi kuliko foleni ya choo ya asubuhi. Na mpango wote mnaousifu ulisimama mpaka yalipofanyika. Kama alikuwa na dakika hizo wakati adui yuko mlangoni, siku ya kwanza alikosa nini?

Meneja wetu alikuja kuuliza mwezi wa tatu. Hakutuuliza sisi, alimwuliza mama mmoja wa bloki yetu aliyekuwa anapita na ndoo. Mama akamjibu kwa sentensi moja, akaendelea na njia yake. Wiki iliyofuata darasa lilirudi asubuhi. Wengi walirudi nalo. Wawili hawakurudi, mmoja alikuwa ameshaolewa.