Parkinson: Asidi ndani ya seli inahusika vipi na kutetemeka mikono?

Ugonjwa wa Parkinson hutetemesha mikono, hukaza misuli na kupunguza kasi ya mwendo. Vijijini wengi huudhania kuwa uzee tu, au kurogwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kuwa wanao. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 waliishi nao duniani.

Dalili hizo hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapokufa. Kwa nini zinakufa? Sehemu ya jibu inatafutwa katika lisosomu.

Tumbo la seli

Lisosomu ni kifuko kidogo ndani ya seli. Kama tumbo, kina asidi na vimeng'enya vinavyosaga protini zilizochakaa. Asidi hiyo hutokana na ioni za haidrojeni: kuna pampu ya kuziingiza, na kuna milango ya kuzitoa.

Mlango mmoja unaitwa TMEM175. Mwaka 2015 watafiti walieleza kuwa unapitisha potasiamu. Mwaka 2022 ikaonyeshwa kuwa unapitisha pia haidrojeni, na hivyo huzuia asidi isizidi. Asidi ikipungua sana au ikizidi, usagaji huharibika na takataka hurundikana, hasa protini iitwayo alfa-sinukleini. Watu wenye tofauti fulani katika jeni ya mlango huu wana hatari kubwa zaidi ya kupata Parkinson.

Afrika inaingia wapi?

Mwaka 2023, watafiti wakiwemo wa Nigeria walichunguza taarifa za karibu watu 200,000 wenye asili ya Afrika. Walikuta tofauti katika jeni ya GBA1 ambayo huongeza hatari na ambayo ni nadra mno kwa Wazungu. GBA1 hutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya lisosomu, penye asidi.

Hapa ndipo penye suala zito. Tafiti nyingi za awali ziliwahusu watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo tofauti hii haikuonekana. Dawa mpya zikijaribiwa huko tu, hatutajua kama zinamfaa mgonjwa wa huku.

Dawa zikoje sasa?

Levodopa, iliyo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, hupunguza dalili lakini haizuii seli kufa. Nchini Uingereza, ambroksoli, dawa ya kikohozi inayosaidia kimeng'enya cha GBA1, inajaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson. Bado haijathibitishwa. Usimnunulie mzee dawa ya kikohozi ukitarajia imponye.

Ukiona mzazi au jirani anatetemeka akiwa ametulia, anaburuta miguu au mwandiko wake umekuwa mdogo, mpeleke kituo cha afya. Chukua na dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa, zikiwemo za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili kama hizo. Sayansi ya lisosomu itachukua muda, lakini levodopa ipo, na mgonjwa asiyetambuliwa hawezi kuipata.