Uliza kizazi kabla ya kuuliza bei
Safu ya kila wiki, na Pauline Akoth

Mnunuzi wa laptopu mjini Migori au Homa Bay huulizwa kwanza kama anataka i3, i5 au i7, naye huamini kwamba saba lazima ishinde tano. Hapo ndipo akiba ya mwalimu au karani wa chama cha ushirika inapopotea. Nambari hiyo hueleza cheo cha prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe kimo katika tarakimu zinazofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ya kizazi cha 8. Jambo hili lina uzito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 6 imeachwa nje, na i3 ya kizazi cha 8 imo.

Wapo wanaosema Windows 10 yao ingali inawaka, basi kuna haja gani? Inawaka, ndiyo. Lakini kazi ya kila siku imehamia mtandaoni: alama za wanafunzi hupelekwa kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, ankara hutolewa kwa mfumo wa kodi wa eTIMS, na tangu Oktoba 2024 zahanati hudai malipo yake kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya. Mashine yenye nywila za shule nzima au rekodi za wagonjwa wa Ndhiwa haifai kubaki na mianya isiyozibwa. Anayeimudu Linux anaweza kuiokoa laptopu ya zamani, na afanye hivyo.

Baada ya kizazi, mimi huweka betri mbele ya kasi. Mwaka 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima mwezi Agosti, Novemba na tena Desemba, mbali na kukatika kwa kawaida mitaani. ThinkPad T480, mojawapo ya mashine za mtumba ambazo wauzaji huziita ex-UK, ina betri ya ndani na nyingine ya kuchomoa, ambayo hubadilishwa kazi ikiendelea. Zikiwa mpya, betri zake mbili za kawaida hubeba takriban wati-saa 48. Kuandika kunakotumia wati 12 kutakupa saa nne hivi. Ni nzito kiasi, na skrini yake ya kawaida ni hafifu juani. Kwa karani wa ufuo wa Mbita, ningekubali kasoro hizo.

Pingamizi kubwa ni waranti: kwa nini usinunue mpya? Laptopu mpya za bei ya chini mara nyingi huja na RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, fundi asiweze kuiongeza. Waranti nayo ina faida iwapo kituo cha huduma kiko karibu. Kutoka Muhuru, kuituma mashine mbali ni siku kadhaa bila kazi. Ila wanaoogopa betri iliyochoka ya mtumba wana haki. Mwambie muuzaji aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha mlinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa leo. Ikiwa umebaki nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya laptopu kabla hujafungua M-Pesa.