Nchi jirani: Kwa nini ni vigumu kumpata mkuu wa idara ya watoto katika hospitali za kufundishia

Mzazi wa Buyenzi, Rumonge au Nyanza-Lac anapoambiwa kwamba ugonjwa wa mwanawe umezidi uwezo wa hospitali ya karibu, jina la Muhimbili huwa miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa nyumbani. Hutafutwa nauli, hupigiwa simu ndugu wa Kigoma au wa Dar es Salaam, na safari huanza. Mzazi huyo hatarajii kuonana na mkuu wa idara ya watoto wa hospitali anayoiendea, wala jina lake halijui. Hata hivyo, mengi yatakayompata mwanawe yamekwisha kuamuliwa na mtu huyo: ni nani anayekesha wodini usiku, ni dawa ipi inayotangulia, na madaktari wanaojifunza wanasimamiwa na nani wanapomgusa mtoto mgonjwa.

Ndiyo maana swali la nani ashike kiti hicho, na apatikane vipi, si swali la maprofesa peke yao. Katika nchi zinazotuzunguka limekuwa gumu tangu zamani, na matukio ya mwaka 2025 yameliongezea uzito.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kwa muda misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limeacha rasmi kuendesha programu za misaada. Katikati ya matukio hayo mawili, tarehe 1 Mei, taasisi za taifa za afya za Marekani, zijulikanazo kwa kifupi NIH, zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye fungu linalopitia chuo cha Marekani kwenda kwa taasisi ya nje, mpaka utaratibu mwingine uwekwe. Idara nyingi za tiba ya watoto Afrika Mashariki zilikuwa zikifanya utafiti wao kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo anayetafutwa sasa kuongoza idara anatakiwa awe tabibu, mwalimu na mtafiti kama ilivyokuwa zamani, na pia mtu awezaye kuiendesha nyumba ambayo mmoja wa wafadhili wake wakubwa ameondoka.

Kiti kimoja, waajiri wawili

Ugumu wa kwanza unatokana na umbo la kazi yenyewe. Sisi tunaotafsiri habari kutoka Kifaransa hukutana nao katika maneno. Kifaransa cha hospitali zetu humwita mmoja “chef de service”, yaani msimamizi wa wodi na wagonjwa wake, na mwingine “chef de département”, yaani msimamizi wa masomo katika kitivo cha tiba. Kiswahili huwaita wote wawili “mkuu wa idara”, na msomaji hudhani ni mtu mmoja. Mara nyingine ni mmoja kweli. Mara nyingine ni wawili, kila mmoja akiwa na bosi wake.

Muhimbili ni mfano ulio wazi. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, yaani MUHAS. Hospitali nayo ilipewa sheria yake mwaka 2000 ikawa Hospitali ya Taifa, taasisi iliyo mbali na chuo kiutawala ingawa wanashiriki uwanja mmoja. Profesa wa watoto huajiriwa na chuo, na bingwa anayemkuta wodini huajiriwa na hospitali. Wote humtibu mtoto yuleyule.

Uganda iko vivyo hivyo. Hospitali ya Mulago iko chini ya wizara ya afya, na Chuo Kikuu cha Makerere kiko chini ya wizara ya elimu. Mwalimu wa Makerere hutibu Mulago kwa heshima ya cheo cha ubingwa, lakini mshahara wake hutoka kwingine. Akiona wauguzi wa zamu ya usiku hawatoshi, hana mamlaka ya kuwahamisha. Na mkuu wa wodi akiona wanafunzi wamezidi vitanda, hana kauli juu ya idadi inayosajiliwa na chuo.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hospitali za kufundishia zimelazimika kuwaweka wawili, na wengi wao huishi kwa kuvumiliana. Lakini mgeni anayeombwa aje kuongoza huuliza swali la haki: nitamjibu nani, na nani atanisikiliza? Asipopata jibu lililoandikwa, daktari hodari husita, na kiti hubaki na anayekaimu.

Ufaransa iliufungua uzi huu mapema. Kwa agizo la tarehe 30 Desemba 1958, mageuzi yaliyopewa jina la tabibu wa watoto Robert Debré yaliunda vituo vya hospitali na chuo kikuu vinavyoitwa CHU, ambamo profesa ana ajira mbili ndani ya mtu mmoja: chuoni na hospitalini. Bujumbura na Kigali zilirithi jina la CHU, kiasi kwamba hospitali ya Kamenge na ile ya Kigali zote hufupishwa CHUK. Lakini kurithi jina ni jambo moja, na kuandika mkataba unaomfunga mtu mmoja kwa wizara mbili ni jambo lingine.

Miaka ambayo tangazo haliwezi kuinunua

Ugumu wa pili ni muda. Tanzania humchukua kijana miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, na mitatu ya ubingwa. Hiyo ni miaka tisa, bila kuhesabu miaka ya kuhudumu wilayani inayoingia katikati. Hapo amekuwa bingwa wa watoto, bado hajawa kiongozi wa idara. Ngazi za uhadhiri, kuanzia mhadhiri hadi profesa, huchukua miaka mingine mingi ya kuchapisha utafiti na kusimamia wanafunzi.

Maisha ya Profesa Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania Bara kuwa daktari, yanaonyesha urefu wa njia hiyo. Alihitimu udaktari huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1969, na ubingwa wa watoto akaupata Dar es Salaam mwaka 1977. Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, ambacho ni cha binafsi. Safari yake hiyo ya mwisho nayo ina funzo: vyuo vya binafsi, mashirika ya kimataifa na miradi ya utafiti huwatafuta watu walewale ambao idara za umma zinawahitaji, na mara nyingi huweza kuwalipa zaidi.

Serikali ya Tanzania iliuona upungufu huo. Mwaka 2018 ilisogeza umri wa kustaafu kwa lazima wa maprofesa na madaktari bingwa wa umma kutoka miaka 60 hadi 65. Hatua hiyo ilinunua miaka mitano, nayo ni miaka yenye thamani ikiwa aliyebakishwa anatumia muda huo kumfunza atakayempokea. Kama hamfunzi mtu, tatizo limeahirishwa tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Njia ya tatu ambayo jirani zetu wameijaribu ni kumwita mgeni. Idara ya watoto ya Makerere ilijengwa na mgeni: Mwingereza Derrick Jelliffe alipewa kiti cha uprofesa mwaka 1959 kwa msaada wa UNICEF. Katika miaka hiyo Mulago ilianzisha kituo cha lishe cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye siha, ambako mama mwenye mtoto aliyekumbwa na utapiamlo alifundishwa kumponya kwa vyakula vinavyopatikana sokoni kwake. Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin aliwafukuza Waasia, Waingereza wakaondoka, na madaktari wengi wa Kiganda wakakimbia kuokoa maisha yao. Idara iliyoheshimiwa duniani kote ilibaki na walimu wachache. Haikufa kwa sababu walikuwapo wenyeji waliokwisha kufunzwa, wakabaki.

Rwanda ilijaribu kwa njia iliyopangwa zaidi. Mwaka 2012, waziri wa afya akiwa Agnes Binagwaho, ambaye mwenyewe ni daktari wa watoto, ilianza programu ya miaka saba ikishirikiana na vyuo zaidi ya 20 vya Marekani. Walimu wa Kimarekani walikuja kwa muda, na kila mmoja alitakiwa kuwa na pacha Mnyarwanda wa kufanya naye kazi, ili mgeni akiondoka kiti kisiondoke naye. Fedha za Marekani kwa programu hiyo zilikoma mwaka 2017, kabla ya muda uliopangwa. Palipokuwa na pacha wa kweli, kazi iliendelea. Ambapo pacha alikuwa jina katika karatasi, mgeni aliondoka na ujuzi wake.

Mifano hiyo miwili, iliyotengana kwa nusu karne, inasema jambo lilelile. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anafaa iwapo mkataba wake unapimwa kwa mwenyeji anayemwacha, na si kwa idadi ya wagonjwa aliowaona.

Kinachopotea kiti kikiwa kitupu

Wapo wanaosema hospitali inahitaji dawa na vitanda kwanza, na uprofesa ungoje. Hoja hiyo ina uzito kwa mzazi aliyepanga foleni. Lakini maamuzi makubwa kuhusu watoto wetu yamefanyika kwa sababu idara za kufundishia zilikuwa na watu wa kuyafanya.

Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama mwenye uchungu, na nyingine kwa mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza karibu nusu ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ikilinganishwa na dawa iliyokuwa ikitumika kwa muda mfupi. Tiba imesonga mbele tangu hapo, lakini hatua hiyo iliwafungulia mlango kina mama wa nchi maskini.

Mwaka 2011 utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Mulago ikiwamo, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Vitabu vya Ulaya na Marekani viliagiza mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Matokeo yalikuwa kinyume: katika saa 48, walikufa watoto kama 10 au 11 katika kila 100 waliopewa maji kwa kasi, na kama 7 katika kila 100 ambao hawakupewa hivyo. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, na kwao maji yanabaki kuwa tiba. Lakini kwa wale wengine, kanuni iliyotoka mbali ilikuwa ikiua, na hakuna angalijua kama wodi za Afrika Mashariki zisingalikuwa na watu waliozoea kuhesabu na kuuliza.

Sharti kabla ya tangazo

Kutokana na uzoefu wa jirani, sharti la kwanza linakuja kabla ya tangazo la kazi kuandikwa. Waajiri wawili wakae meza moja, wakubaliane kwa maandishi ni nani anayemlipa mkuu wa idara, siku ngapi ni za wodi na ngapi za darasa, na ana kauli gani juu ya wauguzi, dawa na fedha. Daktari akishateuliwa kabla ya makubaliano hayo, atatumia miaka yake akipatanisha wizara badala ya kutibu na kufundisha.

Pili, uteuzi uanze na naibu. Idara isiyo na mtu wa miaka 40 anayejifunza bajeti na ratiba leo, itatangaza nafasi miaka kumi ijayo na kupokea maombi ya watu watakaofundishwa kazi wakiwa wamekwisha kuikalia. Tatu, kwa kuwa fedha za nje zimeyumba, uwezo wa kuleta ruzuku usiwe kipimo cha kwanza. Aliyechaguliwa kwa sababu ya mfadhili wake hudhoofika mfadhili anapoondoka.

Burundi haiko nje ya hesabu hii. Tangu Mei 2006 watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, na wodi zimejaa kwa sababu nzuri: wazazi hawaogopi tena kuja. Wodi zilizojaa zinahitaji mabingwa, na mabingwa huzaliwa katika idara yenye kiongozi. Zaidi ya hayo, itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imeruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Mlango huo huweza kumleta Bujumbura profesa kutoka Dar es Salaam au Kampala, na huohuo huweza kumchukua bingwa wetu kijana ambaye hapa hakuonyeshwa kiti kinachomngoja.

Mzazi wa Rumonge ataendelea kwenda Muhimbili kwa muda fulani, na hakuna aibu katika kusaidiwa na jirani. Lakini kila idara ya kanda hii ikingoja kiongozi wake atoke kwa mwenzake, siku moja mzazi huyo atafika mwisho wa safari yake na kukuta mlangoni jina la kaimu, kama lile aliloliacha nyumbani.