Si Kazi ya Kugawa Sabuni Tu

Wako watu wasemao kwamba asistanti sosiali kazi yake ni kuandika majina ya maskini na kugawa sabuni na mablanketi. Mambo ya sheria na ya fedha ya sheferi awaachie wakubwa. Neno hilo twalikataa.

Tutazame Bwegera, katika bonde la Ruzizi, kwenye njia kuu ya Uvira na Bukavu. Mama amekimbia vita akiwa na mimba, mtoto amezaliwa ukimbizini. Sheria ya Jamaa ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, yampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, yatakiwa hukumu ya mahakama. Na mama anayelala katika nyumba ya watu, nauli ya kwenda mahakamani ataitoa wapi? Asistanti amhurumia, amtafutia nauli. Vema. Kesho aja mama wa pili, mwisho wa mwezi wa kumi. Je, aendelee kuomba nauli mpaka azeeke?

Aliyeona kidonda kile kile katika nyumba kumi ana deni la kukisema mahali mambo yanapoamuliwa. Awakusanye wamama hao. Tunazo shirika zetu za mitaa, ambazo Maaskofu wa Kongo walizichagua tangu mwaka 1961. Humo watu wajuana kwa majina. Wawahesabu wenyewe watoto wasioandikwa, kisha waende pamoja kwa mwami na kwa wabunge wa jimbo, wadai mwandishi wa serikali aje Bwegera siku ya soko. Na waseme wamama wenyewe! Asistanti anayewasemea watu kila siku awafanya mabubu.

Tutaambiwa kwamba hiyo ni siasa. Basi ni siasa ya zamani. Huko Chicago, Marekani, Florence Kelley, aliyekaa katika nyumba ya huduma iitwayo Hull House, aliingia katika vyumba ambamo watoto walishona nguo za kuuzwa. Aliyoyaona aliyaandika akayapeleka kwa watunga sheria, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likakataza watoto wasiotimiza miaka 14 kufanya kazi viwandani.

Nasi sheria tunazo. Ile ya tarehe 7 Oktoba 2008 yaziachia sheferi kusimamia mali zao, na yatenga kwa ajili yao, pamoja na miji, komini na sekta, asilimia 40 ya fungu ambalo jimbo lapewa katika mapato ya taifa. Fungu hilo limefika? Limefanya nini? Anayezunguka na daftari nyumba kwa nyumba ndiye ajuaye lilipohitajiwa.

Wengine hucheka: karatasi ya mtoto ni kitu kidogo. Kidogo! Katika bonde hili, ambamo watu huulizana asili kwa ukali, na ambamo usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule? Mkubwa anayewafungia asistanti mlango wa baraza atuambie basi ni nani mwingine atakayemletea majina ya watoto hao.