Kabla ya kununua samaki, hesabu madumu ya maji

Mwenye duka au nyumba ya wageni anayetaka tangi la samaki wa mapambo huuliza bei ya tangi, kisha bei ya samaki. Ni nadra kuuliza gharama ya maji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hasara huanzia, hasa kwa wenzetu wa Nainokanoka na vijiji vingine vya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako wakati wa kiangazi kila dumu linagombewa na watu na mifugo.

Wengi hudhani samaki huuawa na maji yaliyochafuka. Ukweli ni kwamba hufa hata katika maji maangavu. Muuaji ni amonia, inayotoka katika matamvua ya samaki mwenyewe na katika chakula kilichobaki na kuoza. Haionekani kwa macho. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, umeshachelewa.

Wako bakteria wanaoibadili sumu hiyo hatua kwa hatua, lakini katika tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Penye baridi kama Nainokanoka huchelewa zaidi. Anayeweka samaki 20 siku ya kwanza anatupa fedha. Aanze na wawili au watatu, na awape chakula kidogo.

Jambo la pili ni magadi. Maji yenye magadi huifanya amonia kuwa kali zaidi. Katika Ziwa Magadi, Kenya, yuko perege mdogo ambaye watafiti walieleza mwaka 1989 kuwa hutoa urea badala ya amonia, ndiyo maana anaishi humo. Samaki wako wa dukani hana uwezo huo.

Sasa tupige hesabu. Tangi la lita 100 linahitaji kubadilishwa robo ya maji kila wiki. Hiyo ni lita 25, yaani dumu moja la lita 20 na lita tano juu yake. Kwa mwezi ni takriban lita 100. Usimwage yote kwa mkupuo, kwani mabadiliko ya ghafla nayo huua. Haba na haba hujaza kibaba. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha. Sponji ya chujio ioshe kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi, ili bakteria wasife.

Maji hayo yaliyotolewa yasimwagwe ovyo. Yana mbolea, na mwenye bustani ya mboga Karatu atayafurahia.

Ushauri wangu ni huu: kama huwezi kutenga dumu hilo kila wiki hata mwezi wa Septemba, usinunue samaki. Kama unaweza, nunua wachache. Tangi lenye samaki watano wazima huvutia wateja kuliko lenye ishirini wanaoelea.